Kompyuta Imekataa Kufungua? Usikubali Ifutwe Upesi

Ndugu msomaji, labda nyumbani kwako hamna kompyuta, wala huoni haja ya kuwa nayo. Lakini kijijini kwako imo moja au mbili: shuleni, zahanati, ofisi ya kijiji, chama cha ushirika, au dukani kwa yule kijana anayetoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Na ndani ya mashine hiyo yamo mambo yako. Limo jina la mtoto wako, zimo kilo za kahawa ulizopeleka, limo deni lako na akiba yako. Basi neno la leo lakuhusu hata kama hujaigusa kompyuta tangu uzaliwe.

Sikiliza kwanza yaliyokipata chama kimoja cha akiba na mikopo ninachokijua. Sitakitaja, maana wenyewe wameona haya ya kutosha. Katibu wao alikuwa na kompyuta ya mezani, kuukuu, yenye Windows 7. Humo aliandika hesabu za miaka 6: nani ameweka, nani amekopa, nani amerudisha. Siku moja mtoto wake wa kidato cha pili aliketi mbele ya mashine akitaka kutazama picha. Akabofya hapa, akabofya pale, ikatokea orodha ya programu, akachagua moja, akatia alama ya tiki asiyojua maana yake. Alipoona hapati anachotaka akaondoka zake kwenda kucheza mpira.

Kesho yake katibu alipowasha mashine akaona ajabu. Vile vipicha vidogo juu ya kioo, ambavyo kila kimoja kilikuwa na sura yake, sasa vyote vilikuwa na sura moja. Akibofya kile cha hesabu, hufunguka ukurasa mweupe wenye herufi za ovyo ovyo, ambazo si Kiswahili wala Kiingereza. Akibofya cha barua, vile vile. Akibofya cha intaneti, vile vile. Mzee wa watu akatokwa jasho.

Akaitwa fundi kutoka mjini. Fundi akatazama dakika 5 tu, akasema, "Mzee, hii imeingiwa na virusi. Dawa yake ni kupiga window upya."

"Na hesabu zangu je, mwanangu?"

"Hizo zimekwisha liwa, mzee. Hapo hamna kitu."

Akalipwa fedha yake, akafuta kila kitu, akaweka Windows mpya, akapanda pikipiki akaenda. Kumbe hesabu hazikuliwa na mdudu yeyote! Zote zilikuwamo ndani, nzima kabisa, mpaka saa ile fundi alipozifuta kwa mkono wake. Kilichoharibika kilikuwa mstari mmoja tu katika daftari la ndani la mashine, lile linalosema: kitu cha namna hii kifunguliwe na programu fulani. Kuutengeneza mstari ule ni kazi ya dakika chache kwa mtu anayejua.

Je, daftari hilo ni nini? Hapo ndipo nataka tukae kidogo wewe na mimi.

Mkia wa jina

Kitu chochote kilichohifadhiwa katika kompyuta, iwe barua, picha, wimbo au hesabu, huitwa faili. Kila faili lina jina, na kwa kawaida jina hilo lina mkia. Mkia huanza na nukta. Barua iliyoandikwa kwa Word huwa na mkia .docx, hesabu za Excel zina .xlsx, picha nyingi zina .jpg, wimbo una .mp3. Zile fomu za kujiunga na shule, ambazo wazazi huzipakua na kuzipeleka kuchapwa dukani, mara nyingi zina mkia .pdf.

Sasa, kompyuta yenyewe haijui kusoma barua wala kutazama picha. Wanaosoma ni programu, na kila programu ina ujuzi wake. Kuna ya kusoma barua, kuna ya kuimba nyimbo, kuna ya kuonyesha picha. Kwa hiyo unapobofya faili mara mbili, kompyuta hutazama mkia, kisha hufungua daftari lake na kuuliza: "Mwenye mkia huu hupelekwa kwa nani?" Daftari husema, "Kwa fulani." Basi faili hupelekwa kwa fulani huyo, akilijua asilijue.

Fikiri umepata barua kutoka ng'ambo, nayo imeandikwa Kijerumani. Ukampa jirani yako anayejua Kiswahili na Kisukuma tu, akaigeuza juu chini, akasema, "Hapa hamna maneno, ni michoro tu." Je, barua ile imeoza? Hata kidogo! Imeangukia mikono isiyoijua. Mpe anayejua Kijerumani, ataisoma mara moja. Ndivyo ilivyo kwa faili. Mara nyingi sana watu husema, "Faili limekufa," kumbe limepelekwa kwa programu isiyolijua.

Tena nakupa alama moja unayoweza kuiona kwa macho yako. Ikiwa barua yenye mkia .docx imepelekwa kwa programu ya Notepad, ambayo hujua maandishi matupu tu, utaona kioo kimejaa alama za ajabu. Lakini tazama pale mwanzo kabisa, juu upande wa kushoto. Utaona herufi mbili: PK. Hizo ni herufi za kwanza za jina la Phil Katz, Mmarekani aliyebuni namna ya kufunga mafaili pamoja iitwayo zip, mwaka 1989. Barua za Word za siku hizi ni furushi la namna hiyo hiyo, na hesabu za Excel kadhalika. Ikiwa ni faili la pdf, mwanzoni utasoma alama ya asilimia ikifuatwa na herufi PDF. Alama hizo ni dalili njema, kwa maana lililofunguka mbele yako ni furushi halisi, ila limepewa msomaji asiyefaa. Wala hazikuhakikishii yote, kwani faili laweza kuwa limekatika mkia lilipokuwa likinakiliwa. Hata hivyo usikate tamaa kabla hujalijaribu kwa programu yake.

Hapo hapo kuna hatari kubwa, nami naomba uishike. Ukiliona faili limefunguka kwa herufi za ovyo, lifunge. Usiandike neno, wala ukiulizwa kama wataka kuhifadhi usijibu ndiyo. Notepad ikihifadhi furushi lile huliandika upya kwa namna yake, na baadhi ya alama isizozijua hupotea. Hapo sasa faili limekufa kweli, na wewe ndiwe uliyeliua.

Kosa jingine ni kubadili mkia kwa kuandika jina jipya. Wako vijana wanaochukua faili la .pdf, wakaliita .docx, wakidhani wameligeuza kuwa barua ya Word. La! Ukimvika mbuzi kengele ya ng'ombe hatatoa maziwa ya ng'ombe. Faili lile lile limo ndani, ila sasa umelidanganya daftari, nalo litalipeleka kusikofaa. Uzuri ni kwamba ukirudisha mkia wa zamani, mambo hurudi kama yalivyokuwa.

Namna ya kubadili

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe. Tuseme wewe ni katibu, au ni mwalimu, au mwanao ndiye afanyaye kazi dukani. Kila ukifungua fomu za pdf hufunguka katika programu usiyoitaka. Fanya hivi.

Usibofye faili mara mbili. Weka mshale wa kipanya juu ya faili, ukabonyeze kitufe cha kulia mara moja. Itatokea orodha ya maneno. Tafuta yaliyoandikwa "Open with", maana yake "Fungua kwa". Humo chagua "Choose another app", yaani "Chagua programu nyingine". Utaonyeshwa programu zilizomo katika mashine. Gusa ile unayoitaka. Ikiwa mashine yako ni ya Windows 11, chini utaona vitufe viwili, "Always" na "Just once". Cha kwanza maana yake ni siku zote, cha pili ni mara hii tu. Katika Windows 10 kuna kisanduku cha kutia tiki, chenye neno lile lile "Always". Ukikiacha kitupu, ni mara hii tu. Ukitia tiki, umeandika katika daftari.

Nashauri mara ya kwanza uchague mara hii tu. Faili likifunguka vizuri, lifunge, urudie, na sasa uchague siku zote. Hivyo hutaandika daftarini jambo usilolijaribu.

Kwenye kompyuta za Macintosh njia ni nyingine kidogo. Chagua faili, ufungue "Get Info", utafute "Open with", uchague programu. Tena hapo usisahau kubonyeza "Change All". Usipobonyeza, umebadili faili hilo moja tu, na wenzake wote wataendelea na njia ya zamani. Watu wengi husahau jambo hilo, kisha husema mashine haisikii.

Pengine utaniuliza: nami nikifungua orodha nisione programu inayofaa? Basi huenda haimo. Mashine nyingi za vijijini zimenunuliwa zikiwa zimetumika, na Word haimo, au ilikuwamo ikaisha muda. Hapo daftari halina kosa, msomaji ndiye hayupo. Iko programu iitwayo LibreOffice, inayotolewa bure tangu mwaka 2011. Hiyo hufungua barua za Word na hesabu za Excel, ingawa mara nyingine mistari husogea na herufi hubadilika sura kidogo. Mjini wako wanaouza Word ya wizi kwa bei ndogo. Ya wizi mara nyingi huja na wageni wasioalikwa.

Nikisema habari ya wageni wasioalikwa, nakumbuka mwaka 2000.

Barua ya mapenzi

Tarehe 4 Mei mwaka 2000 watu wengi huko Asia, Ulaya na Marekani walifungua barua pepe zao wakakuta ujumbe wenye kichwa cha maneno ya Kiingereza: "Nakupenda". Pamoja nao kulikuwa na faili, jina lake likionekana kuwa barua ya mapenzi, na mwishoni .TXT. Sasa mkia wa .txt ni wa maandishi matupu, hauna madhara. Nani asiyetaka kusoma barua ya mapenzi? Wakabofya.

Lakini jina lile lilikuwa na mikia miwili. Baada ya .TXT kulikuwa na .vbs, na Windows kwa desturi yake huficha mkia wa mwisho kwa aina za mafaili inazozijua. Mkia wa .vbs si barua. Ni amri za kufanya kazi, na daftari la Windows liliagiza kwamba amri hizo zipelekwe kwa mtendaji wake azitekeleze papo hapo. Naye alitekeleza. Aliharibu picha za watu kwa kuandika juu yake, kisha akajituma mwenyewe kwa kila mtu aliyeandikwa katika kitabu cha anwani cha mwenye mashine. Ndiyo maana ilienea kwa saa chache tu. Hata Bunge la Uingereza lilifunga barua pepe zake kwa muda. Aliyetunga amri zile alikuwa kijana wa Manila, Ufilipino, na hakuhukumiwa, kwa sababu nchi yake wakati ule haikuwa na sheria juu ya kosa la namna hiyo. Sheria ilitungwa mwezi wa Juni mwaka ule ule, nayo haikuweza kurudi nyuma.

Kwa nini nasimulia habari hiyo ya zamani? Kwa sababu dawa mojawapo waliyoitumia mafundi wa maofisi ndiyo hii hii ya leo. Walifungua daftari wakabadili mstari mmoja: vitu vyenye mkia .vbs visipelekwe tena kwa mtendaji, ila vipelekwe kwa Notepad. Basi mtu akibofya barua ya mapenzi, amri hazitekelezwi. Hufunguka kama maandishi tu, mtu akashangaa maneno asiyoyaelewa, mambo yakaishia hapo. Yule msomaji asiyejua lugha, tuliyemlaumu juu, hapa amekuwa mlinzi wa nyumba.

Ujanja wa mikia miwili haujafa. Hata leo waweza kuletewa kitu kwenye flashi au kwa barua pepe, chenye jina la picha au la fomu, kumbe mkia wake wa kweli ni .exe, yaani programu. Kwa hiyo kabla ya mambo mengine, iamuru Windows ionyeshe mikia yote. Fungua kabrasha lolote, juu utaona neno "View". Katika Windows 10 libonyeze, utie tiki penye "File name extensions". Katika Windows 11 ni "View", kisha "Show", kisha maneno hayo hayo. Sijui kwa nini watengenezaji wameshikilia kuificha mpaka leo. Labda waliona jina likiwa fupi hupendeza. Mimi naona ni kama kuuza chupa dukani bila karatasi ya jina, mnunuzi asijue kama ni mafuta ya taa au ya kula.

Wanaogombea mlango

Usifikiri kwamba daftari hilo ni jambo dogo lisilotazamwa na wakubwa. Limegombewa sana. Hapo zamani, wakati wa mashine za MS-DOS zilizoanza mwaka 1981, jina la faili lilikuwa na herufi 8 na mkia wa herufi 3 basi, na kwa kawaida mtu aliita programu kwanza, ndipo programu ikafungua faili. Mambo yakabadilika watu walipozoea kubofya faili lenyewe. Mwenye kuandikwa katika daftari ndiye apataye mgeni. Ikawa kila programu mpya ya nyimbo au ya picha ikiingia katika mashine hujiandika yenyewe juu ya jina la mwenzake, bila hodi. Mwenye mashine akashtuka kuona nyimbo zake zinafunguka mahali pageni. Kuanzia Windows 8, ya mwaka 2012, daftari lilitiwa muhuri ili mwenye mashine pekee ndiye abadili. Hilo lilikuwa jambo jema.

Lakini mwenye nyumba naye ana tamaa zake. Katika Windows 10 na 11, mafaili ya pdf hupelekwa kwa Edge, kivinjari cha Microsoft yenyewe, mpaka wewe ubadili. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, mkuu wa shirika la Mozilla, Chris Beard, aliandika barua ya wazi kwa mkuu wa Microsoft akilalamika kwamba watu wanaohamia Windows mpya hupoteza chaguo walilokuwa wamelifanya wenyewe. Tena Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, aliyetaka kivinjari kingine kifungue kurasa zake alilazimika kubadili mkia mmoja mmoja. Watu wakalalamika, na mwaka 2022 kikawekwa kitufe kimoja cha kubadili yote ya kivinjari kwa pamoja.

Ulaya walikuwa wamekwisha kuliona jambo hilo mapema. Mwaka 2009 Microsoft iliahidi mbele ya Tume ya Ulaya kuwaonyesha watu wa huko ukurasa wa kuchagua kivinjari wakitakacho. Kisha ahadi ikavunjwa kwa muda mrefu, ukurasa haukuonekana kwa mamilioni ya watu, na mwezi Machi mwaka 2013 Tume ikaitoza kampuni hiyo faini ya Euro milioni 561. Hebu fikiri, msomaji: fedha zote hizo kwa sababu ya swali, "Nani afungue?"

Kwa hiyo ukikuta asubuhi moja fomu zako zinafunguka penginepo, usidhani umerogwa wala mashine imezeeka. Huenda usiku ilijisasisha kwa intaneti, ikarudisha chaguo lake. Rudia tu kazi tuliyoieleza hapo juu.

Na simu je?

Wengi wenu hamna kompyuta, lakini simu mnayo mfukoni. Mambo ni yale yale. Ukiletewa faili la pdf kwenye simu ya Android, na ndani mna programu mbili zinazoweza kulifungua, simu hukuuliza ni ipi, nayo hukupa maneno mawili yenye maana ya mara moja tu na kila wakati. Kidole kikiteleza kwenye kila wakati, simu haitauliza tena, na huenda umeichagua ile yenye matangazo ya biashara kila ukurasa.

Dawa ni hii. Ingia penye mipangilio ya simu, ufungue orodha ya programu, uiguse ile iliyojishikilia, utafute mahali panaposema juu ya kufungua kwa kawaida, yaani "Open by default" au "Set as default", ukafute chaguo hilo. Maneno hupishana kidogo kati ya simu na simu. Ukirudi kwenye faili, simu itakuuliza tena kama siku ya kwanza. Wala programu haikufutwa, wala picha zako hazikuguswa.

Sasa turudi kwa yule katibu, maana najua unauliza: ilikuwaje hata vipicha vyote vikageuka kwa siku moja? Ni hivi. Vile vipicha juu ya kioo, vingi si programu zenyewe. Ni njia za mkato, kama vibao vya kuelekeza njia panda, na kila kibao ni faili dogo lenye mkia wake, .lnk. Mkia huo Windows huuficha hata ukiiamuru ionyeshe mingine yote. Mtoto, bila kujua, aliandika katika daftari kwamba vitu vyote vyenye mkia .lnk vifunguliwe na Notepad. Basi kibao cha hesabu kilipobofywa, hakikuelekeza kwenye hesabu. Kilipelekwa kwa Notepad kisomwe, nayo ikaonyesha herufi za ovyo za kibao chenyewe. Hesabu zilikuwa zimekaa kimya katika kabrasha lake, hazijaguswa na mtu.

Ajali hiyo ilikuwa ya kawaida sana katika Windows Vista na Windows 7, mafundi wengi duniani waliijua. Anayejua huingia katika daftari la ndani, akafuta ule mstari mmoja wa .lnk alioandika mtoto, akazima mashine na kuiwasha, vipicha vikarudi na sura zake. Kazi hiyo si ya kila mtu, kwa maana ukifuta mstari usiohusika waweza kuilemaza mashine. Lakini ilikuwako njia nyepesi ya kupima kama hesabu zipo, nayo hata wewe waiweza. Fungua kabrasha lenyewe lenye hesabu, si kipicha cha juu ya kioo. Ukishindwa, fundi na aunakili yaliyomo katika diski kwenye flashi, au aitoe diski aiunganishe kwenye mashine nyingine. Kisha jaribu faili moja kwa mashine nyingine yenye programu yake. Likifunguka kule, huku haliumwi. Na hata kama virusi wapo kweli, nakala iwekwe kwanza pembeni, isafishwe baadaye. Window hupigwa mwisho kabisa, wala si mwanzo.

Basi chama kile kilifanyaje? Waliitisha mkutano. Wanachama wakaambiwa walete risiti zao, na wale waliozitunza chini ya magodoro na ndani ya vibuyu wakazileta. Miaka 4 imeandikwa upya kutoka kwenye karatasi hizo. Ya miaka miwili haijapatikana yote, na wako wanachama watatu wanaosema waliweka zaidi ya ilivyoandikwa, wala hakuna awezaye kuwathibitishia au kuwakatalia. Katibu alitaka kujiuzulu, wakamkataza. Sasa wana kompyuta nyingine, na kila mwisho wa mwezi hesabu huchapwa karatasi mbili na kunakiliwa kwenye flashi anayoitunza mweka hazina nyumbani kwake. Ukutani juu ya mashine katibu amebandika karatasi yenye mikia mitano aitumiayo, na mbele ya kila mkia jina la programu yake. Yule mtoto ndiye aliyeiandika.